Kibandiko cha Kijani na Mlingoti wa Ipole

Jamani, kuna aibu ambayo mtu anaweza kuificha maisha yake yote, na kuna aibu ambayo hata ukiificha watu wa Ipole watakusimulia wao wenyewe, tena kwa kuigiza, mmoja kanyanyua fimbo juu na mwingine anamwambia "songa kushoto mzee, kushoto kidogo", kwa hiyo nimeona bora niitoe kwa mdomo wangu kabla hamjaisikia kwa mwingine ikiwa imeongezwa chumvi (ingawa kusema kweli hii haihitaji chumvi). Mimi ndiye Tatu, binti wa Fundi Maulidi wa Gongoni pale Tabora mjini, yule fundi redio, na ndiye huyo huyo mnayemsikia siku hizi anaitwa Tatu Mlingoti. Leo nawaambia mlingoti ulitoka wapi.

Nauza vifaa vya kompyuta. Si zile kompyuta mpya za kung'aa, hapana, mimi nauza vifaa vinavyokubaliana na mfumo mmoja wa bure ambao hapa mjini tuliokuwa tunaujua tulikuwa watu wanne, na mmoja akahamia Mwanza. Jina lake halisi halitamkiki, ila nembo yake ni kakakuona aliyejikunja, basi nikauita Kakakuona na wateja wakaupokea hivyo hivyo, maana kwetu ukimwona kakakuona unajua kuna heri inakuja. Uzuri wake ni kwamba kompyuta kuukuu, ile iliyokataliwa na mifumo ya kununua, ukiipa Kakakuona inaamka, inakula umeme kidogo tu wa sola, na virusi wala hawaijui. Ubaya wake ni mmoja, anachagua. Kuna printa anazozikubali na printa anazozikataa, na kuna vidude vya waifai ambavyo ukimchomekea anakutazama tu.

Ndiyo maana nikaanzisha kibandiko cha kijani. Kila kifaa kinachoingia dukani nakichomeka kwanza kwenye kompyuta yangu mwenyewe, kikifanya kazi nakibandika kibandiko cha kijani chenye sahihi yangu, kisipofanya kazi kinarudi kilikotoka. Watu wakija hawaulizi kampuni gani wala rangi gani, wanauliza "kina kijani?" Na ukutani, juu ya meza ya baba, nimeandika kwa kalamu nene, kwa mkono wangu mimi: USIAMINI BOKSI. Kwa sababu viwanda vina tabia mbaya, wanabadilisha chipu ya ndani halafu boksi wanaacha lile lile, na jina lile lile, na Kakakuona anajua tofauti hata kama wewe hujui. Mkumbuke hayo maandishi.

Sasa, chumba chenyewe cha duka ni cha familia. Baba macho yamechoka, haketi tena kwenye meza yake ya redio, na mwenye kauli juu ya chumba ni baba mdogo Ramadhani, mtu mwema sana ila haamini kitu asichoweza kukikalia au kukila. Alikuwa na mpango wa kuweka chipsi mayai pale. "Kakakuona?" alikuwa ananiambia. "Tatu mwanangu, watu wanataka mayai." Tukabishana wee, mpaka tukakubaliana mbele ya baba: kule Ipole kuna kikundi cha wafugaji nyuki wenye laptopu nne za zamani walizopewa na mfadhili zikawafia kabatini, basi nikienda nikazifufua mbele yao na wao wakanikubali niwe fundi na muuzaji wao, chumba kinabaki changu na meza ya baba inabaki pale ilipo. Nikishindwa, Jumatatu nakabidhi. Na yeye baba mdogo atakuja kushuhudia kwa macho yake. Nikasema sawa, tena kwa kujidai, maana Mama Kalunde, mtunza hazina wao, alishafika dukani kwangu, nikamwonyesha kila kitu, akaondoka ameridhika.

Safari ilikuwa Jumamosi. Ijumaa mchana ndipo mzigo wa vidude vya waifai ukafika kutoka Dar, katoni ya vidude ishirini, na Ijumaa hiyo hiyo nyumba ya shangazi ilikuwa imejaa wanawake, kwani bintiye alikuwa anaolewa. Nimekaa na katoni yangu, nimeshafungua kidude cha kwanza, nasikia sauti, "Tatu, mchora hina anakuita, ni zamu yako, ukipitwa shauri yako!" Sasa mnajua hina. Ukishachorwa unakaa mikono imeinuliwa, hushiki kitu mpaka ikauke, na baada ya hapo ni nguo, ni pilau, ni ngoma, hakuna cha kupima wala kupimwa. Nikaangalia katoni. Boksi lile lile ninalouza siku zote, jina lile lile, rangi ile ile. Nimeshauza vidude hivi mpaka nimechoka, havijawahi kuniangusha. Nikatoa karatasi ya vibandiko nikabandika vyote ishirini, pa pa pa, kama mtu anayepiga mihuri, nikakimbilia hina (na ilitoka nzuri, hilo hakuna atakayeninyang'anya).

Asubuhi tukapanda basi la kwenda Mpanda linalopita Ipole, mimi na baba mdogo. Nimevaa baibui langu jipya, mtandio wa kijani begani, mikono ina maua mpaka kwenye viwiko. Baba mdogo alikuwa kavaa koti, na kila basi likiruka shimo mfuko wa koti unalia. Nikamuuliza, baba mdogo una nini humo? Akatoa kufuli. Kufuli jipya, kubwa, bado limo kwenye plastiki yake. "La chumba," akasema, bila hata ubaya, "nimenunua kabisa, Jumatatu nisihangaike." Mwenzenu nikageukia dirishani nikahesabu mizinga juu ya miti mpaka tukafika.

Ofisi ya kikundi ina veranda pana na ua mkubwa, na walikuwa wamejaa, si chini ya watu arobaini, wengine wametoka vijiji vya ndani kwa baiskeli. Mwenyekiti wao, Mzee Msabila, mrefu, mtulivu, kavaa suti ya rangi ya kahawia aliyoitoa sandukuni kwa ajili yangu mimi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba binti yangu, karibu, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mama Kalunde akanipokea kwa "Mwangaluka, mwanangu!" akanikumbatia, akawaambia wenzake, "Huyu ndiye niliyewaambia, huyu habahatishi." Maneno hayo nayasikia mpaka leo.

Mwanzo ulikwenda vizuri ajabu. Nikaweka laptopu ya kwanza mezani pale verandani, nikachomeka flashi, dakika chache kakakuona akajitokeza kwenye kioo amejikunja, watu wote "aaaah!" Ya pili, "aaaah!" Ya tatu na ya nne vilevile. Baba mdogo akaacha kuchezea mfuko. Nikasema kwa madaha, "Sasa ndugu zangu, tunaingia mtandaoni," maana waifai za ndani za laptopu zile Kakakuona hazikubali, ndiyo kazi ya vile vidude, nikachukua kimoja, nikakiinua juu wakione kibandiko cha kijani, nikakichomeka.

Kimya.

Nikachomoa nikachomeka tena. Kimya kile kile. Nikakigeuza, na upande wa chini, maandishi madogo kuliko yai la chawa, nikaona herufi moja na namba moja ambazo hazikuwapo kwenye vile vya zamani, nikajua palepale kwamba kiwanda kimebadilisha chipu na boksi wameacha lile lile. Na hapo ndipo ningesema, wenzangu. Hapo hapo, ningesema samahani wazee, vidude hivi sikuvipima, ningepata aibu ya dakika mbili yakaisha. Lakini watu arobaini wananitazama, Mama Kalunde anatabasamu, na baba mdogo ameingiza tena mkono mfukoni. Mdomo wangu ukasema, "Mtandao leo uko chini kidogo."

"Uko juu," akasema Mzee Msabila kwa upole. "Nimetoka kuongea na binti yangu aliyeko Nzega sasa hivi."

"Uko juu, ndiyo," nikasema, "lakini uko juu *sana*. Kidude kinatakiwa kiinuliwe."

(Sijui nilitoa wapi. Naapa sijui.)

Nilikuwa na waya mrefu wa kuunganishia, nikakichomeka kidude mwisho wa waya, na wao wana ufito mrefu wanaotumia kupitishia kamba kwenye matawi wakipandisha mizinga, wakauleta, nikakifunga kidude kwenye ncha kwa mtandio wangu wa kijani. Nilitaka wainue vijana, lakini Mzee Msabila akasema hapana, kazi ya kikundi mwenyekiti ndiye anaanza, akavua koti la suti akalikunja vizuri akampa mtu, akashika ule ufito akausimamisha wima katikati ya ua. Mpango wangu wa siri ulikuwa hivi: wote wakiangalia juu, mimi huku chini nachomeka vidude vingine kimoja kimoja upande wa pili wa laptopu nitafute kizima. Nikachomeka cha pili, kimekufa. Cha tatu, kimekufa.

"Binti, kimeshika?" anauliza Mzee Msabila.

"Bado kidogo mzee. Songa kushoto."

Akasonga kushoto. Waya ukavutika, laptopu nayo ikataka kuondoka mezani, basi akina mama wawili wakainua meza, wakamfuata, na katoni yenye vidude vilivyobaki nikaiacha verandani. Kushoto kidogo, kulia kidogo, mbele kidogo, na mimi nyuma ya meza natembea nao huku nabonyeza kibodi isiyoleta kitu, mikono yangu ya maua inang'aa juani, na kila mtu anaitazama ikibonyeza. Tukazunguka ua wote. Watu wa barabarani wakaanza kuingia, mwenye bodaboda akasimama, muuza karanga akaja na beseni lake, kukavuma kwamba mnara mpya unajengwa, nikaona watu wameinua simu zao juu wanasubiri kushika. Tulipofika karibu na choo cha ofisi (ndiyo, mpaka huko nilimfikisha) akatokea mgambo mmoja, akatazama ule mtandio wa kijani unavyopepea, akamuuliza Mzee Msabila kwa heshima, "Shikamoo mzee. Samahani, hiki ni chama gani?"

Nikamsikia baba mdogo nyuma yangu, wala hakunong'ona. "Babu zetu walipita njia hii na mizigo kichwani mpaka Ujiji," akasema, "lakini angalau wao walijua wanakwenda wapi."

Saa nzima, jamani. Mzee wa watu alishika ule mlingoti saa nzima, jasho linamtoka, mikono inatetemeka, na alikuwa hakubali kupokewa, kila akiombwa anasema, "Huyu binti ametoka mbali." Kila alipolisema hilo nilitamani ardhi inimeze na laptopu yangu.

Aliyeniokoa, au aliyenimaliza, ni Mama Kalunde. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya veranda anatazama ile ncha juu, kafinya macho, muda mrefu, halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tatu, mwanangu. Kile ulichonionyesha dukani kilikuwa kinakonyeza. Kilikuwa na kitaa cha bluu kinakonyeza-konyeza. Hiki mbona kimefumba jicho tangu kimepanda?"

Watu arobaini, na waliotoka barabarani, na mwenye karanga, na mgambo, wote wakatazama juu kwenye kidude, kisha wakashuka taratibu wakanitazama mimi. Na mfukoni mwa koti la baba mdogo, kufuli likalia.

Sikuwa na pa kwenda. Nikaweka mikono mezani, nikasema, "Mama Kalunde, hakikonyezi kwa sababu ni kibovu kwa mfumo huu, na nimejua hivyo tangu nilipokichomeka mara ya kwanza. Mtandao hauna kosa. Mvua, miti, mnara, hakuna chenye kosa. Jana nilikuwa na haraka ya kwenda kuchorwa hina, nikabandika vibandiko vyangu vya kijani bila kupima hata kimoja. Nimewadanganya, na Mzee Msabila nimemtesa bure. Naomba mnisamehe."

Mzee Msabila, bado kasimama wima na ule ufito, akauliza kwa adabu zake zote, "Kwa hiyo, binti yangu, naweza kushusha?"

Walicheka. Walicheka mpaka mwenye karanga akamwaga karanga, mgambo akashika ukuta, akina mama wakaketi chini, na mimi machozi yananitoka sijui ni ya kilio au ya nini. Baba mdogo peke yake hakucheka, akaja akanigusa bega, akasema, "Haya mwanangu, si nilisema? Funga virago, basi la mchana lisituache."

"Kaa, mzee," akasema Mama Kalunde akijifuta macho. "Kaa kwanza. Tatu, umebeba vingapi?"

"Katoni nzima. Ishirini. Vitatu vimekufa, kile cha juu na viwili nilivyojaribu kwa siri."

"Kwa siri!" akasema, na watu wakaangua kicheko tena. "Basi vilivyobaki tuvifungue hadharani. Sisi siku ya kupokea asali ndoo hata ziwe mia zinafunguliwa zote, mbele ya watu, moja moja, tunaonja, na jina la mwenyewe tunaliandika baada ya kuonja. Iliyo mbovu inakaa kushoto na mwenye ndoo hachekwi. Leteni mkeka."

Wakaleta mikeka miwili, wa kulia na wa kushoto. Mzee Msabila akaketi mbele yangu akijikanda mabega, na kazi yake ikawa kubandua vile vibandiko vyangu vya kijani, maana Mama Kalunde alisema hakuna kidude kitakachopimwa kikiwa kimeshapewa jina. Mnajua inavyouma kuona sahihi yako inabanduliwa kwa kucha na mzee uliyemtesa? Nikachomeka cha nne. Kushoto. Cha tano, kushoto. Cha sita, saba, nane, kushoto, kushoto, kushoto. Kufika cha kumi na moja mkeka wa kushoto umejaa, wa kulia mtupu, hakuna anayecheka tena, na mimi nimeshaanza kuiaga moyoni ile meza ya baba, na redio zake zilizofunguliwa matumbo, na harufu ya risasi ya kuchomelea niliyokua nayo tangu mtoto.

Cha kumi na mbili kikakonyeza.

Bluu! Mama Kalunde alikiona kabla yangu, alipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika Sikonge, wenzake wakapokea, na kwenye kioo majina ya waifai za simu za watu yakaanza kushuka moja baada ya jingine. Kumbe muuzaji wa jumla alichanganya, vya zamani na vipya katoni moja. Cha kumi na tatu kikafa, cha kumi na nne kikakonyeza, na kuanzia hapo kila kinachokonyeza ni vigelegele na kila kinachokufa ni "kushotooo!" ua mzima kwa pamoja, mgambo ndiye sauti ya juu kuliko wote. Mwisho wa katoni tulikuwa na sita vizima, na laptopu nne. Sita, jamani!

Mzee Msabila ndiye aliyebandika vibandiko vya kijani kwenye hivyo sita, kimoja kimoja, kwa vidole vinavyotetemeka. Halafu akaomba kitu kimoja, amwone binti yake. Nikachomeka kamera (hiyo niliipima, nilipima wiki mbili kabla, msiniulize tena), nikampigia yule binti huko Nzega, na kioo kikajaa uso wake, ukubwa ambao mzee hajawahi kuuona kwenye kisimu chake. Watu wote wakasogea. Binti akasema, "Baba, shikamoo! Mbona mikono inatetemeka? Unaumwa?"

"Marahaba mwanangu. Siumwi," akasema Mzee Msabila. "Asubuhi nilikuwa mnara."

Wakanikubali. Walikaa kikao pale pale, dakika tano, na Mama Kalunde akasimama kutoa uamuzi. Alisema wamewahi kupelekewa mafundi wengi, wote waaminifu mpaka kitu kiharibike, kisha simu hazipokelewi, na wa kwanza kubanduliwa vibandiko vyake mbele ya watu akakaa mpaka mwisho ni huyu. "Muongo ni muongo," akasema, "saa nzima katudanganya, hilo litaandikwa kwenye kumbukumbu za kikundi. Lakini tumemwona anavyopima." Na liliandikwa, nimelisoma kwa macho yangu, tena kwa kompyuta yenye Kakakuona.

Tukarudi kusubiri basi la jioni, mimi nimebeba ndoo ya asali niliyopewa (nimeionja mbele yao kwanza, kama inavyotakiwa). Basi limeshaonekana kwa mbali ndipo baba mdogo akaingiza mkono mfukoni, akatoa kufuli, akalitoa kwenye plastiki yake, akanipa na funguo zote mbili. Hakusema samahani, yeye si mtu wa hivyo. Alisema, "Lile la zamani kutu limeliingia, litakuharibia mlango." Nililia ndani ya basi mpaka tunaingia Tabora, na safari hii nilijua ni kilio cha nini.

Kuna wakulima wa tumbaku wa Goweko walionipigia, kuna mwalimu wa Kaliua, wote wakianza na "huyo ni Tatu Mlingoti?" Mwanzo niliumia, baadaye nikamwita mchora mabango, sasa ndilo jina lililo juu ya mlango, kwa rangi ya kijani. Hina bado nachorwa, nisiwadanganye. Ila ya kubandika kabla ya kupima, wenzangu, nimekoma, nimekoma tena na tena, hata aje mchora hina wa Sultani. Mzee Msabila hunipigia kila mzigo mpya unapofika, hanisalimu kwanza, anauliza tu, "Umefungua kimoja kimoja?" Namjibu ndiyo mzee, kimoja kimoja. Jioni nafunga duka kwa kufuli la baba mdogo, nalivuta mara mbili kuhakikisha limeshika, kisha naenda nyumbani.